Paka wa Bibi Alipokuwa Himo

Sisi tuliokuzwa kwa mtori wa ndizi na moshi wa kuni hatukuwa na muda wa kubembeleza paka. Paka alikuwa na kazi yake, panya wa darini kwenye mahindi, nasi tulikuwa na zetu: kukata majani ya ng'ombe kabla ya shule, kuchota maji ya mfereji, kugeuza kahawa juani. Tukimaliza, tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba mpaka magauni yanatoboka, tunachapwa, kesho tupo palepale. Mtoto wa siku hizi akiteleza mara moja anapelekwa kupigwa picha ya mfupa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na paka wa rangi ya majivu. Bibi alipougua akashindwa kunyanyuka, yule paka aliacha panya, akaacha joto la jikoni, akahamia kitandani miguuni pake. Alishuka kunywa maziwa tu. Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi yangu, ambaye kanisani hakukosa benchi la mbele, alisema paka yule anayaita mauti, na akiachwa pale bibi hamalizi wiki. Mimi nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote. Nikaamini.

Siku ya soko nilimtia paka kwenye gunia la kahawa, nikafunga kwa kamba ya mgomba, nikashuka naye kwa miguu mpaka sokoni Himo, chini ya mlima wetu. Alilia njia nzima. Nilimfungulia nyuma ya wauza vitunguu, nikakimbia bila kugeuka.

Bibi aliponiuliza paka yuko wapi, nilimwambia ameenda kuwinda.

"Basi niwekee mikono hapa," akasema. "Miguu imepoa."

Niliweka, lakini mikono ya mtoto haitulii. Nikasikia wenzangu wanateleza huko nje, nikatoka. Siku ya tatu yake, wakati sisi wote tuko uani tunamenya ndizi, bibi akafariki chumbani peke yake. Paka alikuwa Himo, na kifo kilipanda mlima vilevile, wala hakikuuliza njia.

Jumapili shangazi alikuwa kwenye benchi lake la mbele. Mimi nikakata tawi la isale, lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea, naye akilipokea hana budi kusamehe. Lakini wa kulipokea alikuwa ameshazikwa migombani. Nikalichomeka pale kaburini. Likashika, lipo mpaka leo. Paka sikumwona tena.

Sasa zamu ni yangu. Tangu masika yaliyopita moyo unanisumbua, na paka wangu halali tena jikoni, analala miguuni pangu. Mjukuu wangu anayesoma chuo, binti mzuri, shikamoo yake haikosi, aliuliza simu kama paka anajua mtu akikaribia kufa. Simu ikamwambia labda ananusa ugonjwa, labda anafuata joto tu. Nikamwambia jibu la namna hiyo hata mimi wa darasa la nne ningempa, bila bando.

Juzi nikawasikia yeye na baba yake, mwanangu wa kwanza, wanapanga kumpeleka paka Chekereni, eti kwenye mpunga kuna panya wengi. Gunia lilikuwa tayari mlangoni. Nikawaita wote wawili.

"Paka haondoki."

"Mama, tunataka uendelee kukaa nasi," mwanangu akasema.

"Siku zangu hamziongezi kwa kufunga gunia. Mimi nilishalifunga."

Mnauliza kama paka anajua kifo. Anajua. Tofauti yake na nyinyi ni kwamba akishajua hasimami mlangoni kunong'ona, anapanda kitandani. Enzi zetu tulikuwa na mengi mazuri ya kuwaachia. Mtori mmeuacha, mfereji mmeuacha ukauka, Kichagga mnakisikia kwa watu. Katika yote ya zamani, mmeona gunia tu ndilo la kushika.

Lirudisheni stoo. Miguu yangu ina joto.