Nilivyousoma mto wa Lushoto kama bahari ya Tanga, siku ya kwenda kujitambulisha ukweni

Wakuu, heshima kwenu nyote, na wakubwa zangu kama mmo humu, shikamooni.

Leo nimetulia na hii simu ya kupangusa, nikaona niwape kisa changu cha miaka ya sabini. Kila neno ni kweli, na pale ninapoonekana mjinga ndipo kweli zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule moja milimani Lushoto. Vijiji vya ujamaa ndiyo vimepamba moto, mwalimu ni mtu mkubwa, na mimi ukubwa huo nilikuwa naujua vizuri sana.

Nikampenda binti wa mkulima mmoja, familia ya Kilutheri, kijiji cha ng'ambo ya mto. Mshenga wangu, mwalimu mwenzangu, akaenda akapokelewa. Ila mzee akasema anataka kumwona muoaji mwenyewe, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mshenga akatangulia Ijumaa akalala huko.

Sasa njia zilikuwa mbili. Ya mlimani, ya kuzunguka, saa tano kwa mguu. Na ya korongoni: unatembea ndani ya mto wenyewe, kuta za mawe kulia na kushoto, pengine unazigusa zote mbili kwa mikono. Saa moja tu umefika. Ukishaingia hakuna pa kupandia mpaka utokee upande wa pili.

Nikachagua korongo, bila shaka.

Saa mbili niko mtoni, pale korongo linapoanzia. Kaunda suti yangu nimeifunga kwenye furushi, mimi nina kaptula. Mvua ya masika ilipiga usiku kucha upande wa Shume, huko juu mto unakotoka, kwa hiyo nikataka kuwa makini. Nikatoa chaki mfukoni, nikachora mstari kwenye jiwe usawa wa maji.

Baada ya muda mfupi nikaangalia. Maji yameshuka shibiri nzima chini ya mstari.

Nikafurahi. Wakuu, mtoto wa Tanga akiona maji yanashuka anajua bahari inakupwa, ana saa kama sita za kujinafasi. Ndivyo nilivyopiga hesabu, kwa confidence yote.

Pembeni palikuwa na mama mmoja anaosha karoti. Nikaona anahamishia tenga lake juu kwenye majani, haraka haraka, karoti nyingine zina udongo bado.

"Mwalimu, panda huku," akaniambia. "Mto ukinywea hivi wakati wa masika, ujue huko juu kuna kitu kimeuziba."

Nikamweleza habari ya maji kupwa na maji kujaa. Nilimfundisha hasa, kama darasa la nne. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo bahari yako inaletewa maji na mvua ya Shume?"

Nikainama nikavua viatu. Yule mama akanyanyua furushi langu, akalikumbatia, akapanda nalo juu.

"Wewe nenda. Nguo zako nabaki nazo mimi."

Nilikasirika, siwafichi. Nikapanda kumfuata, maana ukweni huwezi kutokea na kaptula. Tukabishana pale juu, ye hana wasiwasi hata kidogo.

Mara tukasikia mngurumo. Maji yakaja kwa mpigo mmoja, mekundu, na magogo yanagongana. Jiwe langu la chaki sikuliona tena siku hiyo.

Mama akanipa furushi langu. Akanionyesha njia ya mlimani kwa kidevu, akarudi kwenye karoti zake. Hata asante nilimpa kwa kigugumizi.

Nilifika saa nane mchana, matope mpaka magotini. Mshenga hakutaka kuniangalia usoni. Mzee akauliza nimepita wapi, nikasema mlimani.

"Nani alikwambia usipite mtoni?"

Wakuu, hapo ningeweza kujifanya mjuzi. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Nikasema nilitaka kupita, mama mmoja akaninyang'anya nguo.

Mzee akasema, "Magogo yalipopita hapa asubuhi, nilimwambia mama yake binti: huyo mwalimu kama ni mbishi tumeshampoteza, kama tutamwona basi ni mtu anayeambiwa akasikia. Karibu ndani."

Binti akaleta maji ya kunawa. Macho yamevimba, mekundu. Tangu asubuhi alijua mimi lazima nitapita korongoni, na hakukuwa na mtu wa kumwambia yeye kwamba nipo hai. Mtoni sikuogopa hivyo. Niliogopa pale, nikiwa na mikono yangu juu ya beseni.

Tulioana mwaka huohuo.

Nilichojifunza: usiangalie level ya maji peke yake. Uliza kama inalingana na mvua iliyonyesha juu. Mvua kubwa na mto mdogo, kaa pembeni. Na mwenyeji wa mahali akikwambia subiri, subiri, utamuuliza sababu baadaye.

Wenyeji wa Lushoto, Bumbuli na kwingine milimani, nyie mnausomaje mto? Na kama kuna aliyewahi kuokolewa kwa kunyang'anywa nguo, ajitokeze tusalimiane.