Muuza dokono agoma kuapa kwamba si mama wa Kwabena

Saa mbili asubuhi, Old Tafo, mjini Kumasi. Adwoa Pinamang anafunga donge la unga uliochachuka kwenye maganda ya mahindi, analibana kwa kidole gumba, analitupia kwenye sufuria. Hatazami mikono yake. Anamtazama mteja aliyesimama muda mrefu bila kununua.

"Wewe ni wa ofisini?"

Jamaa anasema hapana, anataka dokono mbili na samaki.

"Basi nunua uende. Usiniangalie hivyo."

Tangu Machi anamshuku kila mgeni anayesimama kwenye meza yake. Ana sababu. Watu wa ofisi ya ustawi wa jamii wanamshuku yeye, kwamba ameuza mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Kwabena, miaka saba. Hasikii tangu homa kali ilipompiga akiwa mchanga. Aliyemzaa ni Ama Konadu, mdogo wake Pinamang wa tumbo moja, aliyefariki kabla Kwabena hajaanza kutembea. Pinamang alikuwa ananyonyesha binti yake, mkubwa kwa Kwabena kwa miezi minne tu. Akampa huyu ziwa moja, yule lingine.

Sasa kuna mume na mke kutoka Norway wanaotaka kumchukua Kwabena awe mwanao. Mke anaitwa Solveig. Amefundisha miaka mitatu kwenye shule ya viziwi anakosoma Kwabena, na yeye mwenyewe ni kiziwi.

Pinamang hakukubali kirahisi. "Nilijiuliza, kwao watoto wameisha?" Alikataa sabuni zao, akakataa na kitambaa. Halafu akawaita kwake kula fufu, muhogo uliotwangwa, akaweka bakuli la supu ukingoni mwa meza, karibu na kiwiko cha mtoto. Makusudi kabisa.

"Nilitaka nione mkono wa yule mzungu utakimbilia wapi, kwenye suruali yake au kwa mtoto."

Supu ilimwagika. Mkono ulikwenda kwa mtoto. Hata hivyo akawapima miezi mingine sita.

Kilichomlainisha ni kumwona Kwabena anaongea na Solveig kwa mikono, wanacheka mpaka machozi, na yeye amekaa pembeni haambulii kitu. "Nimemlea, nimemwogesha, lakini sijui huyu mtoto anaota nini usiku. Yule mama anajua."

Ukoo ukakaa. Mjomba Agyei, mkubwa wa ukoo, akakubali. Kila mtu akadhani imebaki tiketi ya ndege tu.

Hapo ndipo karatasi zilipogoma.

Kwabena alipoanza shule ilitakiwa hati ya kuzaliwa. Karani akauliza mama ni nani, Pinamang akajibu, mimi. Hakudanganya. Kwa Waasante mtoto wa dada yako ni wako, na hakuna anayemwita vingine. Karani akaandika hivyo hivyo na kupiga muhuri.

Kwa hiyo kwa mujibu wa serikali mama wa Kwabena hajafa. Yuko Tafo anauza dokono. Na kwa nini mama mzima, mwenye biashara, agawe mwanawe kwa wazungu?

Ofisa aliyepewa faili, Bwana Asiamah, aliweka hati za watoto wote wawili mezani, akazitazama, akamtazama mwenye watoto.

"Mama, hapa ulizaa mara mbili ndani ya miezi minne."

"Ndiyo maana nilichoka, mheshimiwa."

Ofisa hakucheka. Akauliza friji imetoka wapi. Pinamang anasema aliinunua kwa zamu yake ya mchezo wa akina mama sokoni, maana siku nzuri humbakizia cedi mia moja na ishirini na siku mbaya humbakizia moshi tu. Lakini nani aliwaambia kuna friji? Anamhisi Abrafi, muuza mkaa wa jirani, ambaye kila akipita hapo hakosi neno.

"Dada Adwoa, tugawie basi na sisi maji baridi ya Ulaya."

Mwanasheria wa wale wazungu akaja na dawa. Pinamang aende mahakamani aape kwamba yeye si mama wa mtoto huyu. Sentensi moja, hati inarekebishwa, safari inaendelea.

Mjomba Agyei aliposikia alisukuma sahani pembeni. Akasema kwenye nyumba yao hakuna mwanamke aliyewahi kutamka hivyo juu ya mtoto wa dada yake. Ukitamka umemtoa kwenye ukoo, na aliyetolewa kwenye ukoo hana hata wa kumzika.

Mwanasheria akamtuliza Pinamang kwamba ni maneno tu.

"Kama ni maneno tu," akamjibu, "mbona bila hayo mtoto hapandi ndege?"



Jumatatu Pinamang anapanda kizimbani. Atasema aliyemzaa Kwabena ni Ama Konadu, kaburi lake lipo, twende nikawaonyeshe. Atasema yeye ni mama aliyebaki. Wakiandika hivyo ataweka kidole. Wakiandika vingine ataomba karatasi yake na kurudi kwenye sufuria, na Solveig amekwisha kuambiwa hilo.

Kwabena aende au abaki, kila Jumamosi mchana Pinamang anafunga meza anakwenda shule ya viziwi kujifunza kuongea kwa mikono. Kwabena akifika Norway atapiga simu ya video, na yeye hataki mtu wa kati.

"Akitafsiriwa nitajuaje kama ameshiba, au amefundishwa kusema ameshiba?"

Wiki ya kwanza alimwomba Solveig amfundishe swali moja kabla ya mengine yote: wanakutesa? Solveig hakununa. Alimshika vidole, akamwonyesha taratibu, akarudia mpaka akaliweza.

Jioni yake Pinamang alimuuliza Kwabena swali hilo uwanjani kwao, kwa mikono yenye unga. Mtoto alimwangalia sana, halafu akajibu kwa mikono, haraka haraka, maneno mengi.

Pinamang hakuelewa hata moja. "Ndiyo maana narudi Jumamosi," anasema.