Miwani ya Mwalimu wa Kilatini

Hata baada ya chuo kuachana na chaki, mwalimu wetu wa Kilatini hakuacha kupuliza vidole kila alipomaliza kuandika neno ubaoni. Ofisi yetu ilipakana na darasa lake, nami nilishazoea kumsikia akifundisha majina ya wakwe. Mama mkwe ni socrus. Mwitaliano akamwita suocera, Mhispania suegra. “Mfaransa alimwogopa,” alisema kila mwaka, “akaamua kumwita mama mzuri ili yaishe.” Na kila mwaka darasa lilicheka.

Juzi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa nikisubiri ufunguo wa ofisi, alipoongeza, “Wangu mimi, hata huo uzuri wa kubandika haushiki.” Wanafunzi walivunjika mbavu. Kicheko cha mwisho kilitoka mlangoni, kwa mama mmoja mzee aliyeshika miwani. “Baba, uliisahau mezani,” alisema. “Na mkwe wa kiume, hao watu wako wanamwitaje?” Mwalimu alijibu “gener” kwa sauti ndogo, akapuliza vidole ambavyo havikuwa vimeandika kitu, wala hakufika kwa Waitaliano.

Kipindi kilipoisha, mama mkwe wake alikuwa bado kwenye benchi la nje, akimsubiri warudi nyumbani pamoja. Mwalimu aliivua ile miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akaniambia bila kunitazama, “Dada, tangulia wewe. Mwambie mama asinisubiri, natafuta miwani.”