Presha Niliyoiandika Bila Kuisikia

Jedwali la presha nililijua kama Baba Yetu. Chini ya 120 kwa 80, kawaida. Kuanzia 140 kwa 90, juu. Mjamzito akifika 160 kwa 110, acha kila kitu, ita mkubwa wako. Chuoni Tororo tulilikariri tukifua, tukikoroga uji, na mimi nilikuwa hodari wa kulitaja. Kusikiliza ndiko kulikonishinda.

Siku yangu ya pili ya mazoezi kwenye kliniki ya wajawazito Busia, akaja mama muuza samaki kutoka Majanji, mimba ya miezi minane. Nikamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi, nikakijaza upepo, nikauachia taratibu huku nikisikiliza. Nje, malori yaliyosubiri kuvuka mpaka yalipiga honi, na masikioni sikupata hata pigo moja. Nikarudia. Vilevile.

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini wanaosema hivyo hawakumjua sista aliyesimamia kliniki yetu. Jana yake alikuwa amemwambia mwanafunzi mwenzangu, mbele ya wagonjwa, arudi kwao Mukuju akalime muhogo. Basi nikaandika 118 kwa 76. Ile 120 kwa 80 ya kitabuni ingenuka uongo. Hata katika kudanganya nilikuwa mwanafunzi mwerevu.

"Sista, kichwa nauma tangu jana," mama alisema akiinuka. "Macho naona kama moshi."

"Ni jua, mama. Kunywa maji."

Alipotoka ndipo maneno yake yaliponiingia. Kichwa, macho: ndivyo tulivyofundishwa kuhusu mstari wa mwisho wa jedwali. Niliogopa kwamba atakufa, nikaogopa pia kwamba nitafukuzwa, na naona haya kusema ni hofu ipi iliyotangulia.

Nikatoka mbio. Nilimkuta kwenye stendi ya bodaboda, anajiandaa kupanda.

"Mama, rudi! Nimekosea!"

Sista alimpima mwenyewe. 172 kwa 114. Akaweka kidole juu ya maandishi yangu.

"Hii uliisikia?"

"Hapana, sista."

Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alimchoma mama sindano, akaita gari la wagonjwa, akaniamuru niende naye hadi hospitali ya Tororo. Njia nzima mama alishika tumbo, macho kwangu.

"Mtoto yangu nakufa?" aliuliza.

Nililia, jambo ambalo halikumsaidia yeyote.

Walimpasua jioni ile. Mtoto wa kike, mdogo, mzima. Kesho yake, nikiwa bado Tororo, niliingia wodini na mashine yangu nimpime. Mama alinisalimu vizuri, akanionyesha mtoto, akaniruhusu hata nimpakate. Nilipomrudisha na kufungua kile kitambaa, aliuficha mkono wake chini ya shuka.

"Wewe hapana," alisema. "Ita ingine."

Nikaenda kumwita muuguzi wa zamu.