Kigari cha boksi kwenye mpunga wa mama mkwe

Leo nimeingiza gari katikati ya mpunga wa mama mkwe, alioanika kwenye turubai.

Tulieni. Ni kile kigari cha rimoti cha zamani, alichoniachia marehemu baba kwenye boksi ambalo lilikuwa halijawahi kufunguliwa. Nimekiunga mwenyewe, skrubu moja moja.

Nikakijaribu uani, kona ikanishinda, kikazama kwenye mpunga.

Mama mkwe akatoka ndani. Nikatoa shikamoo, rimoti mkononi.

Akaangalia mistari ya matairi, akainama, akaupapasa mpunga.

“Kinageuza mpunga vizuri kuliko mguu wangu ninaouburuta humu kila siku. Lete hiyo rimoti, baba.”

Jamani, yule mama ni dereva. Amekaa kwenye kiti, anageuza mpunga wa turubai zima kwa kigari, anakata kona hamwagi hata punje.

Mimi nimepewa fagio nifukuze kuku.

Niambieni ukweli, gari bado ni langu?