Springi Nilizozikata Wiki ya Harusi

Nilikata springi za gari langu, zote nne, bila kupima kizingiti cha geti langu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila mtu wa mtaa wetu hapa Gisenyi, Rwanda, analijua, na nikianza na jingine watasema nazunguka. Springi nilizipima kwa rula ya shule ya binti yangu. Upana wa matairi niliupima. Nilipima hata kimo cha boneti kwa kukilinganisha na goti langu, Mungu anisamehe. Geti, ambalo nalifungua na kulifunga kila siku, sikulipima.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita vimetulia, barabara ya kwenda Ruhengeri ilipokuwa imeanza kupitika bila moyo kudunda. Nilikuwa karani wa forodha Grande Barrière, mpaka wetu na Kongo. Mchana kutwa nagonga mihuri kwenye karatasi za watu wanaokwenda Goma na kurudi, na saa za kazi zikiisha natembea kwa miguu moja kwa moja nyumbani. Baa sikwenda. Ziwani sikwenda, na ziwa liko hapo. Mke wangu, ambaye amekulia Goma na hapendi kukaa kimya, alikuwa akiwaambia wageni kwamba aliolewa na mwanamume, akaletewa kabati.

Kabati hilo likanunua gari la spoti. Lilikuwa la milango miwili, jekundu kama nyanya iliyoiva, na taa zake za mbele zilikuwa zimejificha ndani ya boneti. Ukizungusha swichi zinachomoza kama macho ya chura. Mfanyabiashara wa Goma aliniuzia kwa furaha ambayo ingenishtua kama ningekuwa na akili za kawaida. Kwa miezi sita lilitoka nje ya geti mara nne. Muda mwingine wote lilikaa uani, nami nikalizunguka na kitambaa.

Vijana waliorudi kutoka Uganda, wafanyabiashara, walikuwa wameanzisha jambo lao. Jumapili moja moja, kwa ruhusa ya wakubwa, walipanga mapipa kwenye uwanja mdogo wa ndege, ambao siku hizo ndege zilikuwa zimeusahau. Kila mwenye gari alizunguka mapipa hayo mara tatu, peke yake, huku mtu ameshika saa. Hakuna kusukumana na mwenzako, unashindana na saa tu. Mmoja wao aliniazima gazeti la Kiingereza lenye picha za magari yaliyopunguzwa uzito, yameinamishwa chini, yameondolewa kila kilichokuwa na faida kwa binadamu. Nililisoma na kamusi mkononi. Kiingereza changu kiliishia sekondari, Tanzania, nilikokulia, ndiyo maana mtaani jina langu ni Mutanzania mpaka leo. Nilielewa picha zaidi ya maneno.

Nikaanza na eksozi. Jumamosi moja asubuhi nilifungua sailensa, nikawasha. Gari likanguruma vizuri, likakohoa, kisha likapasua mlio mmoja mkavu, kama wa bunduki.

Mama aliyekuwa anapita na beseni la ndizi alijitupa mferejini, ndizi zikatawanyika. Askari wawili wakaja mbio. Wakaliangalia gari, wakaniangalia mimi, na mmoja akaniuliza kama nina akili. Nikasema ninazo. Akaliangalia gari tena.

Walipoondoka akaingia jirani yangu. Ni mjane, alikuwa anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, anavivusha mpakani karibu kila asubuhi na kurudi jioni na beseni tupu. Mikono yake ilikuwa bado na maji ya samaki. Hakupaza sauti.

"Mutanzania, ile kitu uirudishe. Batoto iko chini ya kitanda mpaka sasa. Nawaita, hawataki kutoka."

Hao walikuwa wajukuu zake wawili. Kabla ya saa sita sailensa ilikuwa mahali pake, nami nilikuwa nimekaa jikoni nimeshindwa kula. Mji uliokuwa ndiyo kwanza unajifunza kulala usingizi, mimi nauchezea mlio wa namna ile kwa sababu ya gazeti. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye kosa moja. Lakini nilitaka kulipa, na nilitaka malipo yaonekane.

Kwetu harusi haibebwi na nyumba moja. Wiki kadhaa kabla, majirani huitwa, wanaketi, halafu mmoja mmoja anasimama na kusema mbele ya wote atachangia nini. Huyu bia, huyu viti, huyu kuni. Jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, kanisani Nyundo, na akatuita uani kwake. Alichohitaji kuliko vyote ni gari la kumpeleka bi harusi. Ndugu wa kiume hakuwa nao tena, na upande wa bwana harusi walikuwa watu wanaoangalia sana mtu amefikaje.

Mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu akasimama. Alikuwa na gari jeupe refu, la milango minne, lililozeeka kwa adabu. Akavua kofia akasema, "Mutoto nitamupeleka mimi. Saa tatu niko hapa."

Mama wa bi harusi akainamisha kichwa, akapiga makofi madogo ya shukrani. Jambo lilikuwa limekwisha. Mtu mzima angekaa, anywe urwagwa wake wa ndizi, asubiri zamu ya kutaja kreti ya soda.

Nikasimama. "Jamani," nikasema, kwa Kiswahili changu cha Tanzania ambacho wanapenda kukisikia, "binti yetu hawezi kwenda Nyundo kwa gari la kubebea wagonjwa. Atakwenda kwa langu, lile jekundu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu naye akacheka, akichelewa kidogo. "Bon," akasema, "kijana iko na gari ya kisasa. Mi nitaenda Ruhengeri kuleta nyanya ya mutoto, ule mukongwe."

Mama wa bi harusi akanigeukia. "Aksanti. Lakini ile kelele?"

"Kelele imekwisha, mama. Sasa gari ni kondoo."

Tulipofika getini kwetu mke wangu akasimama. "Mwalimu umemufanyia vibaya."

"Ulikuwa utani. Si alicheka?"

"Uliona amecheka. Kwamba alikalia kofia yake mwenyewe, hukuona?"

Sikuona.

Harusi ilikuwa Jumamosi, na kesho yake, Jumapili, ndiyo siku ya mapipa uwanjani. Hesabu yangu ikawa rahisi. Nitaliinamisha gari kabla ya harusi, bi harusi apande kitu kilichopendeza, na Jumapili nikazunguke mapipa. Nilichukua likizo kazini. Jumatano nikaliinua gari kwa jeki, nikaliegemeza juu ya magogo, nikatoa springi na kuanza kuzikata kwa msumeno wa chuma. Gazeti lilisema kata duara moja. Nikakata moja na nusu. Nikasimama mbali, nikaitazama ile springi, nikaona nusu nyingine haitadhuru.

Kwa wasioujua mji wetu, chini ya kila kitu kuna mawe meusi ya volkano, makali, yenye vitundu kama mkate. Tunajengea nyumba, tunajengea kuta, na getini tunayapanga kuwa kizingiti ili maji ya mvua yanayoshuka mtaani yasiingie uani. Changu nilikipanga mwenyewe baada ya mvua kutuingilia mpaka chini ya kitanda, na nilikipandisha vizuri, kwa uchungu wa mtu aliyelowana. Hata gari likiwa na springi zake zote nililipitisha pale kimshazari, polepole, nikishika pumzi. Lakini mara nne kwa miezi sita si nyingi. Mwili ulikuwa umesahau.

Ijumaa alasiri nilishusha jeki. Gari likalala chini kama paka anayenyemelea. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni.

Akazunguka mara moja, mikono kiunoni. "Mbona imechuchumaa? Inatafuta choo?"

"Ndivyo yanavyokaa magari ya mashindano."

"Itoe nje kidogo basi, tuione ikitembea."

"Nje kuna tope. Litachafuka."

Hilo neno amenirudishia mara nyingi tangu siku ile. Chumvi ikikosekana jikoni, nikisita kwenda kununua: "Usiende, papa, utachafuka."

Jumamosi saa tatu nilikuwa nimevaa koti. Riboni nyeupe kutoka kwenye boneti mpaka vioo vya pembeni, kiti cha nyuma kimefutwa, mlango wazi. Kwa jirani wanawake walikuwa wameanza vigelegele. Bi harusi alisimama mlangoni kwao na gauni lake, msimamizi wake ameshika mkia wa gauni usiguse ardhi, na mama yake kando, amevaa mushanana wa rangi ya zabibu ambao sikuwahi kumwona nao. Watu walijipanga pande zote za njia. Walikuja kuliona gari. Mimi ndiye niliyewaambia waje.

Nikawasha, nikachomoza zile taa ingawa jua lilikuwa linawaka, na nikatoka.

Magurudumu ya mbele yakavuka kizingiti, yakashuka. Kisha tumbo likakaa. Nilisikia sauti chini ya miguu yangu, kama mtu anayekata mfupa, na gari likasimama juu ya yale mawe kama mlevi aliyepanda ukuta akaogopa kushuka. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka bure. Nikarudisha nyuma, likajikita zaidi. Nilipoteremka nikaona oili inatiririka juu ya kizingiti, nyeusi juu ya weusi, inaelekea njiani walikosimama watu na viatu vya harusi.

Wanaume wakaja kunyanyua. "Moja, mbili!" Likainuka kidogo, jiwe likatoka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili yote iliyobaki ikamwagika. Mtu mmoja akasema tulivute kwa kamba. Mwingine akauliza, kwa nia njema kabisa, springi ziko wapi. Nikasema nimezikata. "Umezikata?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuwaambia wengine.

Gari la mwalimu lilikuwa njiani kutoka Ruhengeri. Gari jingine mtaani halikuwepo. Bi harusi alikuwa bado amesimama palepale mlangoni, na vigelegele vilikuwa vimekoma kimoja kimoja, mpaka tukabaki tunasikia kuku.

Ilichukua zaidi ya saa moja kupata kamioneti. Ilikuwa imetoka Mudende na magunia ya viazi, inakwenda mpakani. Dereva alikubali kugeuza, lakini viazi hakukubali kuvishusha. Bi harusi na msimamizi wake wakabanwa naye ndani. Mke wangu aliinama mbele ya gari langu, akafungua riboni bila kuniangalia, akaenda kuifunga kwenye kamioneti. Na yule mama, na mushanana wake wa zabibu, akakanyaga tairi, akashikwa mkono, akapanda nyuma juu ya magunia. Akaketi. Akashika ubao wa pembeni. Nilikuwa nimesimama na ufunguo mkononi, hatua tatu kutoka kwake, na alitazama mbele tu.

Nyundo sikwenda. Yaliyotokea nilihadithiwa na mke wangu, na siku hiyo hakutania. Walipofika, padri alikuwa ameshaendelea na maharusi wengine, nao wakawekwa mwisho, kanisa likiwa karibu tupu. Upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kuulizana kama binti amebadili nia, na mama mtu, bado ana vumbi la viazi kwenye nguo, ndiye aliyekwenda kuwaomba radhi mmoja mmoja. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa nje ya kanisa, limefika kutoka Ruhengeri kabla ya kila mtu.

Jumapili gari langu lilikuwa bado getini. Kila aliyekwenda misani alilipita akienda na kulipita akirudi, nasi wenye nyumba tulitoka na kuingia kwa kupenya kwenye ua wa michongoma. Mchana nikasikia injini kutoka uwanja wa ndege, zikipanda na kushuka. Niliingia chumbani nikafunga dirisha.

Kwa mwalimu nilikwenda jioni hiyo. Alinipa chai, akanizungumzia mvua. Kila nilipofungua mdomo kuhusu lile neno langu la wagonjwa, aliniongezea sukari.

Jumatatu nikabeba dumu la urwagwa mpaka kwa jirani. Alikuwa anatandaza sambaza kwenye mkeka, wajukuu wanamsaidia kufukuza nzi. Nilikuwa nimetunga maneno yangu usiku kucha, na niliyasema yote. Kwamba nilitaka kufidia ule mlio. Kwamba nilidhani likiinama litampendeza binti. Kwamba nia yangu ilikuwa njema. Alinisikiliza huku mikono yake inaendelea na samaki. Nilipomaliza nikaweka dumu chini, karibu na mkeka, kivuli changu kikiwa juu ya samaki wake.

Akaniinulia macho, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Ulitaka watu waangalie gari yako. Bon, wote tuliangalia. Sasa toka kwa jua, sambaza yangu haikauki."