Kabla Hujafunga Mguu kwenye Pedeli

Nakumbuka Jumamosi moja ya jua kali, mimi na rafiki yangu Njoroge tukitoka Kitale kwenda Bungoma kwa baiskeli, na hatukufika hata nusu ya njia. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia umenunua baiskeli ile ambayo pedeli zake hazipumziki, na ya kwamba umeng'oa breki ili ipendeze. Nani amekuambia inapendeza? Huyo mtu namshuku tayari, hata kabla sijamwona.

Yangu niliipata kwa huyo Njoroge, kijana wa Kiminini aliyekuwa akiuza baiskeli za mitumba karibu na Kipsongo. Alikuwa na tabasamu refu kutoka Kitale hadi Eldoret, na tabasamu refu namna hiyo ni la kuinuliwa juani likaguliwe kama noti ya elfu. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyepesi ajabu. Ukipiga chafya karibu nayo, inasogea. Breki haikuwa nayo hata moja. Gurudumu la nyuma lilishikana na pedeli kupitia cheni, basi gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Hakuna kupumzisha miguu mteremkoni. Kusimama ni kazi ya miguu hiyo hiyo: unazipinga pedeli zinapokuja, mguu mmoja ukikandamiza na mwingine ukivuta juu. Na mguu hauwezi kuvuta juu kama haujafungwa kwenye pedeli.

"Miguu yangu ifungwe?" nikamwuliza. "Kama kuku wa soko?"

"Si ndiyo inatakikana, bana! Usipofunga, mguu utaruka halafu pedeli ikuchape."

Alisema kweli, lakini mimi nilimshuku. Mtu anayekufunga miguu kwanza, kisha anakuelekeza mteremkoni, ana nia gani? Hata hivyo nilikuwa kijana, na baiskeli ilikuwa nyekundu. Nikakata vipande vya tyubu kuukuu, vile tunavyofungia magunia kwenye karia, nikafunga kila mguu kwa fundo ambalo hata mimi mwenyewe sikulielewa. Jumamosi hiyo, kutoka Kitale kuja chini, nilisimama kwa kukumbatia nguzo, ua wa mtu, na mara moja mama mmoja aliyebeba kabichi.

Tulikata kona kwenda Ndalu kunywa chai kwa Senge Nasimiyu, dada ya baba yangu, mkulima aliyelima kwa ng'ombe vizuri kuliko wanaume wa kata nzima. Senge aliizunguka ile baiskeli polepole, mikono nyuma, kama anayeonyeshwa fahali na mtu asiyemjua.

"Breki iko wapi?"

"Inasimama kwa miguu, Senge," nikasema.

"Miguu ni ya kutembea. Mimi nauliza breki."

Njoroge akacheka. "Senge, hii ni ya kisasa. Breki ni ya wazee."

"Ati ya wazee?" Senge akaweka kikombe chini. "Kijana, mimi ng'ombe ya kulima sinunui kwa kuiona ikitembea. Hata ile inapelekwa buchari inatembea. Mimi naambia mwenyewe aifunge jembe, aiteremshe kwa shamba yangu ya mtoni, halafu aiambie isimame. Ikisimama, ndio tunaongea."

Na hakuwa anatia chumvi. Wauza ng'ombe wa Ndalu walikuwa wakimwona kwa mbali wanafunga soko.

"Sasa hii yenu," akasema, "itateremka ile njia ya kisima. Mimi nitasimama katikati. Isiposimama, mtanizika, si mko wawili?"

Mwanangu, hapo nilianza kumshuku na yeye. Nilijua hakumpenda Njoroge, nikadhani anataka kumwaibisha tu. Njoroge naye akanivuta kando: "Huyu mama anangoja uanguke, acheke." Senge, aliyekuwa ameshashuka katikati ya njia, akatukazia macho, akishuku tunachonong'ona. Watu watatu, na shaka ya kutosha soko zima.

Nikapanda, Njoroge akanishikilia nikafunga mafundo, akaniachilia. Njia ya kisima ni fupi lakini ina hasira. Kufika katikati pedeli zilikuwa zinazunguka mbio kuliko mashine ya kusaga, na Senge amesimama pale, leso kiunoni, hasogei. Nikakaza miguu kuzipinga. Tyubu ya mguu wa kulia ikakatika. Mguu ukaruka, pedeli ikanichapa muundi, ikarudi, ikanichapa tena. Wa kushoto ulikuwa umefungwa fundo, haungeweza kukanyaga chini wala kunisaidia kuruka. Nilipiga kelele nadhani kule Malakisi watu waliacha tumbaku juani.

Senge alijitupa kando. Nilipita pale pale alipokuwa amesimama, nikaingia kwenye nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, baiskeli juu, mimi chini. Njoroge alihangaika na lile fundo la kushoto mpaka akaletewa kisu. Nilipolala pale nikimngoja, niliwaza kama tyubu ingekatikia kwenye lami, mbele ya lori.

Senge akaja, leso imejaa udongo. Hakucheka.

"Barasa, wewe umeshuku kila mtu leo. Umeshuku mimi, umeshuku huyu mtoto wa watu, mimi nimeona kwa macho yako. Hiyo mpira umefunga nayo mguu, uliishuku saa ngapi?"

Nikaokota kile kipande cha tyubu kilichokatika, nikakipinda. Ufa wake ulikuwa wa zamani.

Muundi ulivimba ukawa wa kupelekwa maonyesho ya kilimo. Nilipopona, ni Njoroge, yule yule wa tabasamu, aliyeniletea breki ya mbele na mikanda ya ngozi yenye bizimu, akanishika bega uwanjani nikijifunza kusimama na kuchomoa mguu, mpaka mbuzi wa pale wakazoea. Kisha nikarudi Ndalu. Senge akasimama tena katikati ya njia, nami nikateremka, nikasimama mbali naye, ng'ombe wawili wangepita kati yetu.

"Haya, nenda Bungoma," akasema. "Ukifika unipigie simu. Bado sijaiamini."

Basi, mwanangu, nikwambie wazi. Rudisha breki ya mbele, hata kama miguu yako ni ya chuma. Funga mguu kwa mkanda unaoweza kuulegeza kwa mkono mmoja ukiwa unaenda. Usifunge fundo kamwe. Ukaze kiasi mguu usiruke, lakini usikaze hadi usitoke. Jifunze uwanjani kwanza, ukichomoa mguu mara nyingi mpaka uchoke. Ingiza kamba za viatu ndani, zisiliwe na cheni. Anza kupunguza mwendo mapema, wakati watu bado wanakuona mwoga. Na kila asubuhi shika mkanda, uupinde, utafute ufa. Uushuku kwa moyo wako wote, hata kama jana ulikuwa mzima. Hiyo shaka yote unayowatupia rafiki zako, na mimi najua unanishuku hata sasa, ihamishie kwenye mkanda, cheni na breki. Vyenyewe havitakasirika.

Mungu akulinde mteremkoni na kwenye lami yenye mvua. Akupe miundi isiyo na makovu kama yangu, na usikose mtu anayekupenda kiasi cha kukataa kukuamini. Na kila unapotaka kusimama, mwanangu, usimame.